Matema: Saa ya Ndege Isimpumbaze Mwekezaji

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayefikiria kujenga nyumba ya wageni Matema, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, huanza na hesabu tamu: ndege hadi Songwe ni saa moja na nusu hivi. Hesabu hiyo si ya uongo, ila haijakamilika, na mtaji ukitegemea hesabu isiyokamilika huota majani.

Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya kile cha Mbeya mjini, kiko magharibi ya jiji la Mbeya. Matema iko kusini mashariki. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi Songwe ni kilomita zipatazo 690. Hadi Matema ni kama 640. Abiria basi hupitishwa mbali kuliko anakokwenda, kisha hurudishwa kwa gari kupitia Mbeya mjini, Uyole, Tukuyu na Ipinda, mwendo wa zaidi ya kilomita 150. Kipande cha Kikusya–Ipinda–Matema, cha kilomita 39 hivi, kina lami. Hata hivyo, kutokana na malori ya Mbeya na kona za Rungwe, safari hiyo huchukua saa tatu hadi nne.

Ukijumlisha saa mbili za kuwahi kiwanjani Dar es Salaam na nusu saa ya kungoja mizigo Songwe, safari nzima inafika saa saba au nane. Ni nafuu kubwa kuliko basi, ambalo lina zaidi ya kilomita 900 hadi Kyela, lakini si saa moja na nusu.

Athari yake kibiashara ni hii. Mgeni wa mwisho wa wiki, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, ana saa 48. Kwenda na kurudi Matema kunameza theluthi yake. Mgeni huyo huyo hufika Zanzibar kwa boti kwa saa mbili hivi. Kushindana na Zanzibar kwa mteja wa aina hiyo ni kutupa fedha ziwani.

Soko la uhakika la Matema liko karibu zaidi: watumishi na wafanyabiashara wa Mbeya, Tukuyu na Tunduma, wanaoweza kufika kwa gari bila kununua tiketi ya ndege. Bei za vyumba, vyakula na usafiri zipangwe kwa mifuko yao. Mgeni wa Dar es Salaam au wa nje atafutwe kwa safari ya siku nne au tano, si mbili.

Kwa mwenye mtaji mdogo ipo nafasi nyingine. Kakao na mchele wa Kyela husafiri kwa lori, na mwendo wa ndege hauvigusi. Anayehitaji huduma ni mtu anayeshuka Songwe na kuanza kuulizia gari. Gari dogo la abiria linalokwenda moja kwa moja hadi Kyela na Matema, kwa kufuata ratiba ya ndege, litapunguza muda wa safari bila kungoja ndege yenye kasi zaidi.

Wakati umefika kwa wawekezaji kupima safari kutoka mlango hadi mlango. Anayepima kwa tiketi ya ndege pekee atajenga vyumba vingi na kupata wageni wachache.