GANZI YA MKONO SI UVIVU



Juma lililopita alikuja ofisini kwangu binti mmoja wa parokia yetu, aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa ubatizo. Nilimpa kalamu atie sahihi, ikamponyoka mara mbili. Miaka mitano alikuwa akikata mawaridi kwa mkasi katika shamba la maua huko Arusha. Mkono wa kuume ukaanza kufa ganzi usiku: kidole gumba, cha shahada na cha kati, kidole cha mwisho kizima. Huamka akaukung'uta, ndipo usingizi urudi. Nyapara alimwita mvivu, naye akaacha kazi, akarudi kwao bila cheti cho chote. Bibi yake asema amerogwa.

Hakurogwa. Katika kiwiko cha kiganja mna njia nyembamba, na ndani yake hupita mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Kazi ya kukaza mkono vile vile mchana kutwa, au chombo kitetemekacho kama msumeno wa mashine, huweza kuleta uvimbe, na mshipa hubanwa. Ukiachwa hivyo siku nyingi, nyama ya chini ya kidole gumba hunywea. Madaktari huufunga mkono kwa kigango usiku (si kigango cha kanisa!), au hupiga sindano, au hupasua kidogo kuipanua njia. Mimba na kisukari navyo huweza kuleta ganzi hii; ndiyo sababu daktari huuliza mengi.

Shirika la Kazi Duniani liliutia ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kazi mwaka 2010. Na Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake. Tajiri ndiye auchangiaye. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Sisi tulimao mashamba yetu wenyewe hatumo.

Basi ninyi wenye watoto mashambani na viwandani, waandikieni: wasiache kazi kimya kimya. Wamwambie daktari waifanya kazi gani na tangu lini, naye aandike. Wamwarifu tajiri kwa barua, nakala wabaki nayo. Miezi 12 ikipita bila habari, haki yaweza kupotea.

Ganzi ya binti yetu sasa ni mwezi wa tisa. Nimemwandikia barua mbili, ya hospitali na ya tajiri. Leo amekwenda kwa basi la asubuhi, bibi yake akimsindikiza.

Karani wenu