Chuma cha Boneti Si Dawa ya Shokapu Iliyokufa

Sisi wabeba maboksi wa Uingereza tuna ugonjwa mmoja: tukipata vijisenti tunanunua gari la mtumba, na kabla halijapandishwa melini kwenda nyumbani tunalipamba. Pambo mojawapo linalosifiwa sana ni kile chuma kinachofungwa chini ya boneti, kuunganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele. Eti gari litashika barabara. Je, ni kweli?

Tuseme haki: kazi kinayo. Gari likikata kona kwa kasi, bodi hujipinda kidogo. Kichwa cha shokapu kikisogea, tairi nalo hubadili mlalo wake barabarani. Bodi ikikazwa, springi na shokapu hufanya kazi yake sawasawa. Mazda ilipoiwekea MX-5 injini ya lita 1.8, kwenye matoleo ya mwaka 1994, iliiongezea pia vyuma vya kukaza bodi. Gari lisilo na paa la chuma hujipinda zaidi, kwa hiyo huko vyuma vina maana.

Lakini Corolla ya familia ina paa lake, na kiwanda kimekwishaikaza. Kwa mtu wa kwenda kazini na sokoni, chuma cha ziada huleta tofauti ndogo mno. Na kile chenye bawaba kwenye ncha zake, au kilichopindwa sana kukwepa injini, hukaza kidogo zaidi.

Msimamo wetu ni huu: fedha zianzie chini. Linaloshika lami ni tairi, si boneti. Sheria ya hapa Uingereza inataka kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 1.6. Zikishanunuliwa tairi nzuri, zifuate shokapu, bushi na alaimenti. Hayo yakiwa sawa na fedha zikabaki, funga chuma chako, ila kampuni ya bima iarifiwe, maana hayo ni mabadiliko ya gari.

Tukumbuke gari hilo litawabeba nani. Ni mama, shangazi na watoto, pengine kwenye kona za mlima Kitonga, mvua ikinyesha. Huko, chuma king'aacho hakitaliokoa gari lenye tairi vipara. Tuwapelekee gari zima kwanza, mapambo yatafuata.