Mifumo Isomane, Lakini Ijitambulishe Kwanza

Kauli ya kwamba mifumo ya serikali lazima isomane imezoeleka Tanzania, kuanzia Dodoma hadi ofisi za halmashauri. Katika sekta ya afya kauli hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa mgonjwa mmoja huandikwa mahali pengi: mapokezi, maabara, dirisha la dawa, bima, kliniki ya tiba na matunzo, na hatimaye katika taarifa ya mwezi inayopelekwa wilayani. Mgonjwa anayetoka zahanati ya Meatu, akapewa rufaa kwenda Bariadi na kisha Bugando jijini Mwanza, huacha alama katika kila kituo. Hata hivyo, mjadala wa kusomana huihusu zaidi mifumo mikubwa yenye majina, huku vipande vidogo vinavyoiunganisha vikisahaulika. Humo ndimo hatari ilimojificha.

Vipande hivyo huitwa programu jalizi. Jalizi ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya mfumo mkubwa ili kuuongezea kazi ambayo haukuzaliwa nayo: kupokea majibu kutoka mashine ya maabara, kutafsiri misimbo ya magonjwa, au kupeleka jumla za mwezi kwenye DHIS2, mfumo uliosambazwa nchi nzima kufikia mwisho wa mwaka 2013 ili kubeba taarifa za MTUHA. Kazi yake ni kama ya mkalimani aketiye baina ya daktari asiyejua Kisukuma na bibi asiyejua Kiswahili. Mkalimani mzuri hasikiki. Mkalimani mbaya naye hasikiki, mpaka siku dawa isiyo yake itakapotolewa.

Kwa hiyo kila hospitali yenye kompyuta inadaiwa majibu ya maswali mawili. Ni jalizi zipi zilizochomekwa katika mifumo yake? Na nani amethibitisha kwamba zinapatana na toleo la mfumo linalotumika leo? Jalizi isiyoweza kujibiwa maswali hayo haifai kugusa taarifa ya mgonjwa, hata kama imefanya kazi miaka mitatu bila malalamiko.

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano uliohusisha Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na Chuo Kikuu cha Moi, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na leo ndio msingi wa KenyaEMR na UgandaEMR. Kila moduli yake hubeba maelezo mafupi ya utambulisho: jina, toleo lake, toleo la mfumo inalolihitaji na moduli nyingine inazozitegemea. Masharti yasipotimia, moduli hugoma kuanza. DHIS2 nayo ina ghala la programu za nyongeza ambamo kila moja huonyesha inafaa kwa matoleo yapi. OpenHIM, programu huria ya kupatanisha mifumo ya afya, huitaka kila programu ya upatanishi ijisajili kwa jina na toleo, kisha huiruhusu kutuma mara kwa mara ishara inayoitwa mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, msimamizi huona. Mhudumu wa afya hahitaji kufundishwa maana ya mapigo kukoma.

Lakini kujitambulisha ni nusu ya safari. Aliyeandika kwamba jalizi yake inapatana na mfumo fulani huenda aliijaribu Oslo au Nairobi, kwa majina na vituo vya huko. Simiyu ina mitihani yake.

Mtihani wa kwanza ni wa mipaka. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga. Busega ilitoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Na leo Bariadi ni jina la halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Zahanati hazikuhama hata hatua moja, bali anwani zao za kiutawala zilihama. Jalizi inayotambua kituo kwa jina la wilaya badala ya namba yake ya usajili inaweza kupeleka hesabu za watoto waliochanjwa katika halmashauri isiyo yao. Halmashauri moja itaonekana imevuka lengo na nyingine itaonekana imelala, na chanjo za mwezi ujao zitagawanywa kwa kufuata kosa hilo.

Mtihani wa pili ni wa majina. Usukumani majina yenye ritifaa ni ya kawaida, kama Ng'wandu kwa mtu na Ng'hoboko kwa mahali. Katika lugha nyingi za hifadhidata alama hiyo hiyo huonyesha mwanzo na mwisho wa maneno. Jalizi isiyoandaliwa vyema hulikata jina katikati, au huikataa rekodi nzima. Tena ipo ritifaa iliyonyooka na ipo iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni moja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Hivyo mtu mmoja hugeuka wawili: mmoja ana mzio wa dawa, mwingine hana.

Mtihani wa tatu ni wa majibu ya maabara, na huo ndio unaobeba uhai. Mfano ni kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani hutumia virusi 1,000 kwa mililita kama mpaka wa kushuku kwamba tiba imeshindwa. Mgonjwa anayeendelea vizuri mara nyingi hurudishiwa neno au alama, si tarakimu: virusi havionekani, au viko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu. Jalizi inayongoja tarakimu tupu itayatupa majibu hayo, na mgonjwa ataitwa kutolewa damu upya. Na mashine ikibadilishwa, au mfumo ukipandishwa toleo huku jalizi ikibaki ile ya zamani, majibu ya mgonjwa mwenye virusi vingi nayo yanaweza kukwama njiani. Yeye ataendelea kumeza dawa zisizomsaidia tena, na kliniki itaendelea kuamini kwamba majibu yake bado hayajatoka.

Ubaya mkubwa wa makosa haya ni kwamba hayapigi kelele. Taa haizimiki wala skrini haiwi nyekundu. Mahali palipostahili kuwa na taarifa huwa pamenyamaza, na ukimya husomwa kama sifuri. Sifuri ya malaria ni habari njema. Ukimya wa malaria unaweza kuwa mwanzo wa mlipuko usioonekana.

Wapo watakaosema kwamba tiba ni kuwa na mfumo mmoja tu kwa nchi nzima. Wazo hilo linavutia, lakini mashine za maabara hutoka kwa watengenezaji tofauti, bima ina matakwa yake, na Bohari ya Dawa ina yake. Hata chini ya mfumo mmoja, viunganishi vitabaki. Wengine watasema mikoa ya pembezoni haina wataalamu wa TEHAMA wa kutosha, hivyo jambo hili liachiwe makao makuu. Hoja ya uhaba ni ya kweli. Lakini mtaalamu wa makao makuu hawezi kujua kwamba jina la Ng'wandu limekatwa. Karani wa mapokezi wa Bariadi anajua siku hiyo hiyo. Wapo pia wanaoona heri kutosasisha chochote kinachofanya kazi. Hao wasahau raha hiyo, kwa sababu matoleo ya zamani hatimaye huachwa bila marekebisho ya usalama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jalizi ya zamani isiyo na mwenyewe ni mlango wa nyuma ulioachwa wazi.

Kinachohitajika si fedha nyingi. Kwanza, kila hospitali na kila halmashauri iwe na rejesta ya jalizi, hata kama ni ya daftari: jina, kazi yake, aliyeitengeneza, toleo lake, toleo la mfumo inaloafikiana nalo, tarehe ya kujaribiwa na mtu wa kumpigia simu. Pili, toleo lolote jipya lisiingizwe kabla ya kupitishwa wagonjwa wa kubuni wenye sura ya Simiyu: mmoja mwenye ritifaa katika jina, mmoja asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, mmoja wa kituo kilichohamia wilaya mpya, na mmoja ambaye virusi vyake havionekani. Wote wakifika salama upande wa pili, toleo liruhusiwe. Mmoja akipotea, lingoje. Tatu, kwa wiki za kwanza baada ya mabadiliko, idadi ya majibu yaliyotumwa na maabara ilinganishwe na idadi iliyopokelewa kliniki, kwa kuhesabu, na mganga mfawidhi atie saini.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Aliyetolewa damu ana haki ya kuambiwa majibu yatarudi lini, na siku hiyo ikipita ana haki ya kuuliza yako wapi bila kuonekana msumbufu. Jibu la kwamba "mfumo haujaleta" lisiwe mwisho wa mazungumzo. Liwe sababu ya mhudumu kuinua simu, kuipigia maabara na kuandika katika rejesta kwamba jalizi fulani, ya toleo fulani, siku hiyo haikuleta majibu ya mtu.