Mashine ya moyo ipo, watoto hawapimwi



Naomba kutoa kilio cha wazazi wa watoto waliozaliwa na matatizo ya moyo huku Nyanda za Juu Kusini.

Binti yangu alikuwa akinyonya kidogo anaachia, jasho linamtoka kichwani, anahema haraka, uzito hauongezeki. Kila tulipolazwa tuliambiwa ni nimonia. Akachomwa sindano, tukarudi nyumbani, tukalazwa tena. Mwishowe daktari mmoja kijana aliusikiliza moyo wake kwa utulivu, akasikia mvumo, akaandika apimwe eko, yaani kipimo cha picha ya moyo.

Hospitali kubwa tuliyokwenda mashine ya eko inayo. Tukajibiwa kwamba inapima watu wazima tu: kile kichwa kidogo cha kupimia watoto hakikununuliwa, wala hakuna aliyefundishwa kusoma moyo wa mtoto. Tukaambiwa twende Dar es Salaam. Pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ndipo lilipoonekana tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Wataalamu wale nawashukuru sana.

Lakini ni wangapi wanaishia njiani kwa kukosa nauli? Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, na tundu kubwa halisubiri. Damu hufurika mapafuni, mishipa yake hukakamaa, na presha ya mapafu ikishapanda mno, tundu lile haliwezi tena kuzibwa. Mtoto aliyekuwa wa kupona anakuwa wa kutunzwa kwa dawa tu. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu eko haina mionzi wala haichomi; ni mawimbi ya sauti, paka ute kifuani, mtulize mtoto asilie, moyo wote unaonekana.

Madaktari wa taasisi hiyo huja mikoani kwa tiba mkoba, na ni jambo jema, ila wakiondoka tunabaki vilevile.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila hospitali ya rufaa ya mkoa yenye mashine hiyo inapata kifaa cha watoto na angalau mtumishi mmoja aliyefundishwa kukitumia. Kwa sasa, picha zitumwe Dar es Salaam kwa intaneti zisomwe huko. Nanyi wazazi, mtoto akitibiwa nimonia kila mara, ombeni moyo wake upimwe.

Mzazi,
Nyanda za Juu Kusini