Hofu ya Muuguzi Kabla ya Zamu

Muuguzi kijana avaapo sare yake alfajiri, mara nyingi moyo humwenda mbio, viganja humtoka jasho na tumbo humsokota. Wako wasemao kuwa huo ni woga, na kwamba mwoga hafai wodini. Kauli hiyo haina msingi wa kisayansi.

Ubongo uhisipo hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Mapigo ya moyo huongezeka, sukari huzidi katika damu, na usagaji wa chakula hupungua. Mtaalamu Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza mabadiliko hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915. Mwili, basi, hujiandaa kwa kazi, haukimbii kazi.

Hata hivyo, hofu ikizidi huvuruga umakini, na muuguzi aliyevurugika aweza kukosea kipimo cha dawa. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi hupunguza kasi ya moyo. Lakini pumzi peke yake haitoshi. Mara nyingi kinachotisha ni kutojua: mgonjwa yupi amezidiwa, dawa ipi imekwisha kutolewa, nani wa kuulizwa. Tiba yake ni makabidhiano kamili ya zamu, kando ya kitanda, kwa maneno na kwa maandishi.

Kumwambia muuguzi ajikaze, huku akiachiwa wodi bila maelezo, ni kumtwika kosa la utaratibu. Vyuo vilifundishe jambo hili waziwazi, na wakuu wa wodi watenge muda wa makabidhiano. Atakayefaidika kwanza ni mgonjwa.