Kongowea si Walibora

KONA YA KITABU
Na Mwanaidi Shehoza

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Juzi alinipa daftari nimsikilize kabla ya mtihani wa Kiswahili. Fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Aliyamwaga yote bila kukwama, utadhani kondakta anataja vituo.

Nikamuuliza, “Na hadithi yenyewe anaisimulia nani?”

Akanitazama kwa huruma. “Shangazi, si mwandishi!”

Kosa hilo si la watoto peke yao. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Anayesema “mimi” humo ni Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga anayeingia Kenya kumtafuta baba yake. Walibora mwenyewe alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Lakini nimewahi kukaa barazani na watu wazima, wenye mvi zao, wanaoapa kwamba mwandishi alikuwa akieleza maisha yake. “Si kasema mwenyewe, mimi!” Kumbe maisha yake aliyaandika kando, katika tawasifu aliyoiita Nasikia Sauti ya Mama. Humo “mimi” ni yeye. Katika Siku Njema, “mimi” ni mtu aliyebuniwa, na anajua tu yale ambayo mtu wa aina yake angeweza kuyajua. Baba hajulikani aliko kwa sababu msimulizi hajui, nasi tunabaki roho juu pamoja naye. Taharuki yote ya kitabu imesimama hapo.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ina msimulizi wa namna nyingine. Huyu hayumo katika kisa, ila anaingia nyumba yoyote Ukerewe na moyo wowote anaoutaka. Wataalamu humwita msimulizi maizi. Kitabu kiliwahi kuzuiwa shuleni, na nadhani lawama nyingi zilitokana na kuchanganya tukio na dhamira: kuonesha binti anavyoharibikiwa kukasomwa kama kumfundisha binti kuharibika. Aliyesoma hadi mwisho, akaona ukali na ulevi wa Zakaria, baba yake Rosa, unavyoivunja nyumba, hawezi kusema hivyo.

Istilahi za wahusika nazipenda zaidi, maana zimetoka jikoni na ghalani. Bapa ni kama bapa la upanga: umeona upande mmoja, umemaliza. Duara humalizi kumzunguka. Shinda ni chombo kisichojaa, tuseme mtungi, kwa hiyo mhusika shinda yuko katikati, hujaa kidogo kwa kuegemea wengine. Daftari la kijana lilikuwa na majina yote matatu bila hata neno moja kuhusu mtungi. Hapo mwalimu nitamlaumu kidogo.

“Sasa kwenye mtihani niandike nini?” akauliza.

Nikamwambia aandike orodha yake kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo yenye maksi. Kisha nikamwazima Siku Njema yangu, ile iliyokatika jalada. Saa nne usiku taa ya chumbani kwake ilikuwa bado inawaka. Akaniita.

“Shangazi, huyu Kongowea wakati anatusimulia haya ya utotoni, yeye ana umri gani?”