Acha Kutuchuria

Sisi wachimbaji wa dhahabu wa maduara ya Nyarugusu, Mgusu na Mwime tumechoka. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp bosi akishasema, kazi yetu sote ni kupiga dole gumba.

Juzi usiku ilirushwa sauti: kuna rashi, mgodi umetema. Aliyeirusha ana karasha mbili za kusagia mawe. Dole likaja la kwanza, la pili, la ishirini. Mwenzetu mmoja akaandika, "Nani ameyaona hayo mawe?" Akarukiwa: mwoga wewe, acha kutuchuria, yaani kutuletea nuksi. Akaufuta ujumbe wake, na hata hivyo admini akamtoa. Tukanyamaza, na wengi wetu tulikuwa na swali hilohilo mdomoni. Alfajiri watu wakauza mbuzi, mmoja akauza ng'ombe wa plau, bodaboda zikajaa. Walikuta kifusi kitupu, na mwenye sauti alikuwa keshauza nafasi za kuchimba.

Mwaka 1951, Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwauliza watu mstari upi unalingana na mwingine, jambo la macho tu. Wenzao waliopangwa wakidanganya wote kwa pamoja, karibu theluthi ya majibu iliufuata uongo. Akitokea mmoja tu wa kusema kweli, ufuasi ulishuka sana. Sisi huyo mmoja tulikuwa naye!

Ingekuwa hasara ya mbuzi tu, tungevumilia. Lakini Usukumani bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Kuni ni shida, wanapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, moshi unawaunguza macho miaka nenda rudi. Mmoja ananong'ona kilabuni kwamba huyo ni mchawi, wa pili anaitikia, wa tatu hataki aonekane anamtetea. Ndivyo tulivyoaminishana pia kwamba viungo vya ndugu zetu wenye ualbino huleta dhahabu, na kuanzia mwaka 2007 wakauawa wengi kanda hii. Wakati ule uvumi ulitembea kwa miguu.

Usiku wa kuamkia leo imeingia kundini picha ya bibi wa kijiji cha jirani, kajifunga khanga, kashika ungo. Maneno yaliyoandikwa chini hatuyarudii. Tumeamka tukakuta madole 14.

Admini, ifute picha hiyo sasa hivi. Na yule uliyemtoa kwa kuuliza, mrudishe.